Jouvet aliidharau sinema kweli, au alikuwa anatafuta hela ya jukwaa?

Swali limekuja hivi, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili, nasoma sanaa za maonyesho. Darasani tumeangalia filamu ya Kifaransa, Hôtel du Nord, na nimempenda sana yule muigizaji Louis Jouvet, ila mwenzangu kasema huyo mzee alikuwa anaidharau sinema, alienda kushuti kwa ajili ya hela tu, roho yake yote ilikuwa jukwaani. Ni kweli? Na kama ni kweli mbona alikuwa mkali vile mbele ya kamera? Nauliza kwasababu na mimi ni wa jukwaani, juzi nimepata kipande kwenye tamthilia ya TV, sasa wenzangu wa kikundi wananicheka eti nimejiuza."

Marahaba mdogo wangu. Mwenzako kapatia nusu. Hela ndiyo, hilo Jouvet mwenyewe hakulificha, alikuwa anasema wazi kwamba sinema inamlipia ukumbi. Dharau sasa, hapo ndo naona mwenzako kasikia juujuu. Ngoja nikueleze kwa urefu maana huyu mtu nimemfuatilia miaka mingi na nikianzishwa huwa sinyamazi.

Kazaliwa tarehe 24 Desemba 1887 huko Crozon, Bretagne, ile ncha ya magharibi ya Ufaransa inayoingia baharini. Baba yake alikuwa mtu wa kazi za ujenzi, akafariki kijana bado yuko shule, mama akaenda naye kwa ndugu zake Rethel, upande wa kaskazini mashariki, na huko ukoo ukakaa ukaamua Louis atakuwa mfamasia. Sidhani kama aliulizwa sana. Akapelekwa Paris kusomea madawa, mchana yuko na chupa zake, jioni yuko na vikundi vya maigizo vya mitaani huko, na cheti cha ufamasia alikipata kweli kabisa, mwaka 1913. Ila Conservatoire, kile chuo cha serikali cha uigizaji ambacho kila mtoto wa Paris mwenye ndoto alikuwa anakiwania, alijaribu mara tatu na mara zote tatu wakamkataa. Inasimuliwa pia kwamba ujanani alikuwa na kigugumizi, na kwamba ile namna yake ya kukata maneno, silabi moja moja kama mtu anayehesabu noti, ilitokana na kupambana nacho. Weka hilo la sauti pembeni, tutalirudia.

Mwaka huohuo 1913 mwongozaji wa tamthilia Jacques Copeau akafungua ukumbi wake mdogo, Vieux-Colombier, akamchukua Jouvet. Watu wengi wanadhani alichukuliwa kama muigizaji. Kuigiza aliigiza, tena kwenye Shakespeare alikuwa anachekesha mpaka basi, lakini kazi yake ya kila siku ilikuwa kusimamia jukwaa: mbao, kamba, mapazia, misumari, nani aingie lini na taa ipi iwake. Alibuni taa za jukwaani ambazo mafundi wakaanza kuziita kwa jina lake, jouvets. Mimi nilianza sanaa kwa kushika taa kwahiyo hii habari naipenda kupita kiasi, nisamehe, ila ina maana kwenye swali lako. Huyu ni mtu aliyejua bei ya mbao kabla hajajua makofi. Vita ya kwanza ilivyokuwa inaendelea Copeau akapeleka kundi New York, ukumbi wa Garrick, kuanzia 1917 mpaka 1919, na msimu wa pili walikuwa wanatoa mchezo mpya karibu kila wiki. Kila wiki! Sisi tukipewa miezi mitatu tunalalamika muda hautoshi.

Mwaka 1922 akaachana na Copeau, akahamia Comédie des Champs-Élysées, na tarehe 15 Desemba 1923 likatokea jambo lililomlisha maisha yake yote: Knock, mchezo wa Jules Romains. Kama hujausoma utafute. Daktari mpya anafika kijiji cha milimani ambako hakuna anayeumwa, daktari aliyemtangulia alikuwa hapati hata wagonjwa wa kumlipia kuni, na huyu mpya ndani ya miezi michache anawalaza kitandani karibu kijiji kizima. Mteja wake wa kwanza ni mpiga mbiu wa kijiji, mtu mzima wa afya zake, amekuja kuchukua tangazo tu. Kabla hajaondoka, kwa kuwa daktari kapatikana, anasema kuna saa akishakula anahisi kitu kinamtekenya hapa. Knock anamsimamisha. Tusichanganye mambo, kinakutekenya au kinakuwasha? Jamaa anafikiria. Kinaniwasha... ila na kutekenya kidogo kipo. Anaambiwa aoneshe wapi. Hapa? Au hapa? Akila chakula fulani je, inazidi? Jamaa anajibu kwamba chakula hicho huwa hali, lakini anahisi angekula ingezidi. Mpaka anatoka pale, anauliza kama ni lazima akalale.

Sasa angalia Jouvet anavyolicheza hilo swali. Hatoi macho wala hatanii. Anauliza kama mfamasia anayepima gramu, na kwa kweli hayo mapozi alikuwa anayajua kutoka nyuma ya kaunta. Watu wakacheka mpaka ukumbi ukajaa, akaucheza mchezo huo zaidi ya mara elfu moja, na ukawa ghala lake: kila mchezo mpya ukidoda anarudisha Knock, hela inaingia, anajaribu tena kitu kingine kigumu.

Na vitu vigumu alikuwa anavitafuta mwenyewe. Mwaka 1927 yeye na Dullin, Baty na Pitoëff, waongozaji wanne wenye kumbi zao Paris, wakaungana wakajiita Cartel, wasaidiane dhidi ya michezo ya biashara tupu na wachambuzi wa magazeti. Mwaka 1928 akamtoa Jean Giraudoux, mwanadiplomasia aliyekuwa anaandika riwaya, akamfanya mwandishi wa jukwaa, na wakawa pamoja mpaka kifo. Siegfried, Amphitryon 38, Intermezzo, ule wa vita vya Troya wa 1935, Électre, Ondine. Mwaka 1934 akahamia Athénée, ukumbi wa dhahabu na velveti nyekundu karibu na Opera, mdogo, viti mia tano na kitu. Nimekaa kule juu kabisa kwenye tiketi ya bei ya chini, shingo inauma lakini unasikia mpaka mtu akimeza mate. Sasa piga hesabu mwenyewe: ukumbi binafsi, viti hivyo, kundi la waigizaji wa mshahara, mafundi, mapambo ya Christian Bérard ambaye kwenye mchezo wa Molière, L'École des femmes, wa 1936 alitaka kuta za bustani zinazofunguka na kufunga mbele ya watazamaji. Hata ujaze kila siku, kuta za hivyo tiketi hazizilipi.

Ndo hapo sinema inapoingia. Filamu zilikuwa zimeanza kuongea si muda mrefu, maprodyuza wakawa wanasaka watu wanaojua kutamka, na watu hao walikuwa kwenye kumbi za tamthilia. Jouvet anaingia 1933 na Topaze, halafu Knock mwaka huohuo, ana miaka 45, umri ambao wengine uso wao umeshachokwa. Kuanzia hapo mpaka anakufa alifanya filamu thelathini na kitu. Ratiba yake ilikuwa hii: mchana studio nje ya mji, jioni gari linamrudisha Paris, usiku yuko jukwaani, kesho asubuhi tena. Mtu anayeidharau kazi hawezi kuifanya hivyo miaka yote, angalau siyo kwa ubora ule.

Kuna kauli inayonukuliwa kila mahali kuwa ni yake, na kwa Kiswahili inatoka vizuri kuliko hata kwenye Kifaransa kwasababu sisi vitenzi vyetu vinajieleza: jukwaani unaigiza, kwenye sinema ulishaigiza. Wanaosema aliidharau sinema huwa wanaitoa hiyo kama ushahidi. Mimi naisoma tofauti. Jouvet alikuwa anaamini mhusika humpati siku moja, unamkaribia usiku baada ya usiku, leo umekosea sentensi kesho unairekebisha, na Knock mwenyewe alikuwa anamrekebisha miaka ishirini baadaye. Kamera haikupi hiyo kesho. Unafika asubuhi, hakuna watu wa kucheka, unaambiwa anza na tukio la mwisho, unasema mara nne, wanakata, basi, imeshakuwa, utabaki hivyohivyo mpaka filamu ioze. Ile kauli naiona ni ya mtu anayeogopa kidogo, na mtu huogopi kitu unachokidharau.

Na hapo ndo tunafika kwenye sehemu ya pili ya swali lako, mbona alikuwa mkali. Jibu langu ni kwamba alikuwa na ufundi usiosubiri hisia zije.

Mwaka 1934 ile Conservatoire iliyomkataa mara tatu ikamwita akawe mwalimu. (Cheka, ruksa.) Masomo yake tunayo mpaka leo kwasababu msaidizi wake Charlotte Delbo alikuwa anayaandika kwa hatimkato, neno kwa neno, pamoja na vikohozi karibu. Delbo huyohuyo baadaye aliondoka Buenos Aires kurudi Ufaransa akaingia kwenye harakati za kupinga Wajerumani, akakamatwa, akapelekwa Auschwitz, akarudi hai, akaandika vitabu vizito mno kuhusu huko. Katika masomo aliyoyaandika yapo ya mwaka 1940, Jouvet na mwanafunzi mmoja wa kike wanarudia tukio moja tu la Don Juan wa Molière, pale Elvire, mke aliyeachwa, anaingia mara ya mwisho, siyo kulalamika tena bali kumuonya mumewe aokoe roho yake. Miezi na miezi tukio hilohilo, huku nje nchi inaanguka mikononi mwa Wajerumani. Yule binti ana akili, anaelewa kila neno, anatua kila mahali pa kutua, na Jouvet kila mara anamwambia haijafika. Anachomdai ni pumzi. Usisimame kila nukta kuonesha kwamba umeelewa, beba sentensi yote, iache ikumalize pumzi yenyewe, na hiyo kuishiwa ndo itakuleta kwenye hisia. Ukitanguliza hisia ukaja kuzipachika juu ya maneno, tunaona mapambo. Binti mwishoni alishinda tuzo ya Conservatoire, na kwa kuwa alikuwa Myahudi sheria mpya zikamzuia kupanda jukwaani. Mwaka 1986 Brigitte Jaques alitengeneza mchezo mzima kutokana na masomo hayo, unaitwa Elvire Jouvet 40, ukiupata usiuache.

Sasa chukua hilo la pumzi urudi nalo kwenye Hôtel du Nord, ile ya 1938 ya Marcel Carné. Rudia lile tukio la mfereji. Mfereji wenyewe, kama mwalimu wako hakukwambia, ni wa kutengenezwa, Alexandre Trauner aliujenga upya studio Billancourt. Edmond, ndiye Jouvet, anaenda kuvua samaki, hataki Raymonde, anayechezwa na Arletty, amfuate, anamwambia kachoka, anahitaji kubadilisha hewa, na hewa inayomchosha ni yeye. Dunia nzima inakumbuka jibu la Arletty, anavyolidaka lile neno la hewa, "atmosphère", na kulipandisha mpaka angani kama katukanwa ukoo. Sawa, lakini muangalie Jouvet. Neno lenyewe kalitoa bapa, kavu, halina uzito wowote, kama mtu anayesoma risiti. Angelisukuma kidogo tu, angelikolezea chumvi, Arletty asingekuwa na pa kupandia. Mpira kautenga yeye, goli kafunga mwenzake, na hiyo ndo faida ya mtu aliyewahi kuwa msimamizi wa jukwaa, anajua taa sasa hivi inatakiwa imuwakie nani.

Drôle de drame ya 1937 sitaikalia sana. Yeye ni askofu wa Kiingereza, yuko mezani na Michel Simon, neno "bizarre" linakwenda na kurudi kama mpira wa meza mpaka Wafaransa leo bado wanalitania. Husimuliwa kwamba hao wawili walikuwa hawapatani na kwamba kilichokuwa kwenye glasi kilikuwa pombe ya kweli. Ilivyotoka watu hawakuielewa, heshima imekuja baadaye.

Ninayotaka uione wewe ni Quai des Orfèvres, filamu ya mwongozaji Clouzot, 1947. Jouvet ni inspekta Antoine, askari wa zamani wa makoloni, koti limechoka, ofisini kwake baridi, na nyumbani analea peke yake mtoto wa kiume mwenye asili ya Kiafrika aliyerudi naye kutoka huko. Filamu haitoi maelezo wala haiombi machozi, mtoto yupo tu, anapendwa, masomo yake yanampa baba presha. Kwa filamu ya Kifaransa ya wakati ule hilo siyo dogo, ingawa kuhusu mama wa mtoto, na hayo makoloni yenyewe, hakuna aliyejisumbua kutuambia, na hilo nalo liangalie. Mshukiwa ni Bernard Blier, ambaye alikuwa mwanafunzi wa Jouvet darasani, kwahiyo ukiwaona wanahojiana ujue ni mwalimu na mwanafunzi. Halafu kuna tukio na Dora, mpigapicha wa kike ambaye moyo wake uko kwa mwanamke mwenzake na hajawahi kumwambia mtu. Antoine kashajua. Anamwambia kwa sauti ya chini kwamba anampenda, kwamba wako aina moja, kwa wanawake hawana bahati wote wawili. Basi. Hamsikitikii wala hamkebehi. Sentensi moja, pumzi moja, anashika kofia. Mwaka 1947! Nimeitazama mara nyingi na sijawahi kuona anapoanza "kuigiza".

Umeona nilichomaanisha? Pumzi aliyokuwa anamdai yule binti ndo aliyoipeleka kwenye kamera. Sinema haikuhitaji ajifunze ujanja mpya wa uso. Ilimhitaji apunguze sauti, na huyu alikuwa tayari hapigi kelele.

Kuna kipindi hakuwa na sinema kabisa na ndo kinachonionesha roho yake ilikuwa wapi, kwahiyo hapa nampa mwenzako haki yake. Paris ya Wajerumani ilikuwa haiwataki Romains wala Giraudoux, bila hao wawili yeye hana ukumbi. Mwaka 1941 akapakia kundi zima, mapazia, kuta za Bérard, nguo, vyote kwenye meli, wakaenda Amerika ya Kusini. Mwanzoni serikali ya Vichy, ile ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani, iliibariki ziara kama ya utamaduni, na wapo wanaomlaumu kwa hilo mpaka leo, baadaye hela ikakauka na wao wakaendelea, mji kwa mji, mpaka 1945. Giraudoux alifariki Januari 1944 Jouvet akiwa huko mbali. Aliporudi, kitu kikubwa alichofanya ni kuupandisha mchezo ambao mwenzie aliuacha, La Folle de Chaillot, Desemba 1945 pale Athénée. Na baada ya hapo? Akarudi studio haraka kwa wapigapicha, filamu juu ya filamu, maana ukumbi ulikuwa unadai.

Kwahiyo wenzako wa kikundi, waulize swali dogo tu bila ugomvi: ukumbi wa mazoezi mnaulipia na nini? Kama kuna mtu anaulipa kwa mshahara wa mjomba basi wewe kuulipa kwa TV siyo dhambi. Ila na wewe usiende kwenye tamthilia kama mtu anayeenda kibarua cha kubeba zege, ukitoka unajikung'uta. Jifunze mistari yote kabla hujafika, ujue unavutia pumzi wapi, ukiwa location wanabadilisha sini dakika za mwisho (watabadilisha, nakuhakikishia) pumzi haibadiliki. Na ukimuona mwenzako kwenye sini ana neno zuri kuliko lako, mtengee.

Jouvet alipatwa na moyo akiwa mazoezini, Athénée, akafia ofisini kwake humohumo ukumbini tarehe 16 Agosti 1951, ana miaka 63. Mwaka uleule ilikuwa imetoka filamu ya pili ya Knock, iliyoongozwa na Guy Lefranc, daktari yuleyule, swali lilelile la kutekenya na kuwasha. Kazi ya nyumbani: tafuta ya 1933 na ya 1951, cheza tukio la mpiga mbiu katika zote mbili, kwanza geuza simu uso chini usione picha, usikilize tu. Hesabu anavuta pumzi mara ngapi. Kati ya hizo mbili alilicheza hilo tukio jukwaani mamia ya mara, na utasikia kaondoa nini. Ukishaandika majibu yako nitumie, na mimi nina yangu, tutalinganisha.